Kanga huoshwa kabla ya kukatwa

Katika ushonaji wa mifarishi ya viraka, watu husifu mishono na mpangilio wa rangi, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kitambaa kiliandaliwaje. Leo nimeutenga mchana mzima kwa kuosha kanga nitakazozikata, nami siuhesabu muda huo kuwa umepotea.

Kanga mpya hutoka dukani ikiwa na dondo la kiwandani, yaani wanga wa kukazia nguo, linaloficha tabia yake. Nyuzi za pamba huvutwa kwa nguvu wakati wa kufumwa na kutiwa nakshi, na hubaki zimekazwa hivyo mpaka zikutane na maji. Hapo hulegea na kujirudi, kwa kawaida zaidi upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu, kuliko wa mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza. Kanga ya sentimita 150 ikijirudi kwa asilimia 3 tu, hupungua sentimita 4.5. Ikiwa imeunganishwa na kiraka cha shuka kuukuu lililokwisha kujirudi zamani, mshono hukunjamana mara mfarishi unapofuliwa. Wapo wanaoipenda mikunjo hiyo, wala siwalaumu, ila mimi nataka mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, utulie juu ya pamba ya kujazia kama nilivyoupanga.

Rangi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Nyekundu na nyeusi huchuja, hasa katika maji ya moto, na kiraka cheupe kilicho jirani huipokea rangi hiyo yote. Wengi tulifundishwa na mama zetu kutia siki ili rangi ishike. Nasema kwa heshima kwamba siki huzifaa rangi za sufu na hariri, si za pamba. Kwa pamba, dawa ni kusuuza tena na tena mpaka rangi isiyoshika iishe, kisha kuipitishia kanga kitambaa cheupe kilicholowa ili kuona kama bado inachuja. Nyekundu moja imekataa mtihani huo hadi jioni hii, nami nimeitoa katika mpangilio, ingawa niliikusudia kuwa kitovu cha mfarishi.

Zilizofaulu nimezianika kivulini na kuzipiga pasi zikiwa na unyevu, nikiibonyeza pasi bila kuiburuta, ili nyuzi zisiende upogo. Baadaye nitazitia dondo jepesi la unga wa muhogo, kwa kuwa kitambaa kilicholegea huukimbia mkasi. Kanga nyingine huonyesha baada ya kuoshwa kwamba nakshi yake haikufuata nyuzi. Katika mji nitakata kwa kufuata uzi, lakini katika pindo nitaufuata mchoro, maana jicho huuona mstari uliopinda kabla ya kuuona uzi.