Herufi Chini ya Monstransi

Kosa la kwanza lilikuwa la siku. Nilifika Lisbon, Ureno, Jumapili usiku, kukitazama chombo cha kanisani kilichofuliwa kwa dhahabu ya Kilwa, nikiwa na siku mbili tu mkononi, na kulipokucha nikapanda tramu ya 15E kwenda Belém, kitongoji cha jiji hilo. Jumatatu! Nyumba ya watawa ya Jerónimos haifunguliwi Jumatatu, na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, kinamowekwa chombo hicho, vilevile. Mwenye siku mbili kama mimi azihesabu kuanzia Jumanne.

Lakini ukuta haufungwi. Lango la kusini la Jerónimos lina urefu wa mita 32 na linatazamika vizuri ukiwa nje, barabarani. Kwa ukubwa wake wengi hulidhania lango kuu, kumbe lango kuu ni lile la magharibi, dogo zaidi. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, chini ya msanifu Diogo de Boitaca, na mwaka 1517 kazi ikashikwa na João de Castilho. Fedha zilitoka kwenye fungu moja katika kila mafungu ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, gumu, na Wareno huliita lioz. Aliyezoea kuta za Kilwa Kisiwani huona tofauti papo hapo. Tumbawe la kuchonga hukatwa likiwa bichi na laini, likishakauka ndipo linakuwa gumu, na linapendeza kwa nakshi za kina kifupi. Lioz huvumilia patasi kuzama ndani, ndiyo maana pale Belém utaona kamba za merikebu zimesokotwa kwa jiwe, na mafundo yake. Kati ya mapambo hayo litafute tufe lililoundwa kwa pete zilizopishana, mfano wa mizunguko ya mbingu. Hiyo ndiyo nembo ya Manuel. Nililitia akilini, maana nilijua kesho yake nitakutana nalo tena, dogo, la dhahabu.

Jumanne nilikwenda na dada mmoja wa Mombasa anayeishi kule. Makumbusho yako mtaa wa Janelas Verdes, na tramu ileile ya 15E hupita chini yake. Unashuka kituo cha Cais Rocha, unavuka barabara, kisha unapanda ngazi ndefu hadi kwenye bustani iliyo kando ya jengo. Mwenye magoti mabovu apande basi la 714, linapita mtaa huohuo. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi, na saa ya kwanza ndiyo ya kuing'ang'ania, kabla vikundi vya wanafunzi havijaingia. Wengi huanza na mchoro wa msanii Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antoni. Mchoro wa kutisha, na unastahili nusu saa, lakini siku ile tuliupita.

"Iko wapi hiyo dhahabu yetu, kaka?" dada aliuliza, nasi tukaenda moja kwa moja kwenye kazi za masonara.

Chombo chenyewe kinaitwa Custódia de Belém, monstransi ya kuonyeshea Ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki. Dada alisimama mbele ya kioo akaguna: "Ndiyo hii? Ndogo!" Ina sentimita 73. Picha za vitabuni humdanganya mtu, kwa sababu imeundwa kama jengo, yenye nguzo, minara na matao membamba, na jicho likiona jengo hutarajia ukubwa. Ianze juu, ushuke. Sehemu ya juu yuko Mungu Baba. Chini yake njiwa wa enameli nyeupe, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushiwa juu ya dhahabu, ananing'inia, akitikiswa anabembea. Chini zaidi Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, ule mkate, kila mmoja na sura yake, na joho lake limetiwa rangi ya enameli. Kwenye fundo la shina yapo matufe sita ya pete, yaleyale ya ukutani Belém.

Wengi huishia hapo, wakaondoka bila kuona kitu kilichotuleta. Maandishi yako kwenye ukingo wa kitako, yanauzunguka, kwa hiyo ukisimama mahali pamoja huyapati yote. Sharti uiname macho yawe sawa na kitako, usogee upande kidogo taa isimulike kwenye kioo, uzunguke polepole. Herufi ni za zamani: V ndiyo U, na maneno mengine yamefupishwa. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru ifanywe kwa dhahabu ya kodi ya mji ambao Wareno waliuita Quiloa, ikamalizika 1506. Quiloa ni Kilwa.

Kodi yenyewe ilipatikana hivi. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia bandari ya Kilwa na merikebu zake za mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, kukubali kutoa mithqali 1,500 za dhahabu kwa mwaka. Mithqali ni gramu nne na kitu, kwa hiyo jumla ni kilo sita na ushei. Dhahabu hiyo Kilwa haikuichimba, iliipata kwa njia ya bandari ya Sofala, kusini, kutoka bara. Vasco aliifikisha Lisbon mwaka 1503, na sonara anayetajwa kwa kazi hii ni Gil Vicente.

Tarehe ndiyo iliyonikera, na bado inanikera. Kodi haikuendelea kulipwa, na Julai 1505 kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alishusha askari Kilwa, wakauteka mji na kuupora, kisha wakajenga ngome. Sonara alipokuwa akimalizia ule ukingo, mji anaouandika kuwa mlipa kodi ulikuwa umekwisha kuporwa.

Dada alizunguka kioo mara ya pili, ameinama, kidole hewani akifuata herufi moja moja. Mlinzi wa chumba alimsogelea, akidhani anataka kugusa.

"Nasoma tu," dada alimwambia kwa Kireno, kisha akanigeukia. "Hii Q imenisumbua. Kumbe nilikuwa nimeshaipita."