Isabgol, mihogo ya Tabata na kilo zangu sita

Mchana mimi si mlaji. Asubuhi chai ya rangi, saa saba wali maharage kwa mama lishe, basi. Kasheshe huanza nikishuka daladala Tabata jioni. Kutoka kituoni hadi mlangoni kwangu kuna meza mbili za chips na mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, na wote nilikuwa nikiwaungisha kabla sijafika kwenye ugali wa nyumbani, ambao nao niliumega kama mtu aliyeshinda njaa. Mwaka jana mwezi wa tatu mizani ya kliniki ikasoma kilo 91. Daktari akaniongezea dozi ya presha.

Wifi yangu ndiye aliyeniletea habari za vidonge vya kukata hamu ya kula, vinavyouzwa kwa simu. Nikasoma kopo: glukomanani, yaani nyuzinyuzi za kiazi cha konjac, kisha "mitishamba maalumu". Mitishamba gani, hakuna. Glukomanani yenyewe sina ugomvi nayo. Umoja wa Ulaya unaruhusu iandikwe kwamba inasaidia kupunguza uzito: gramu 3 kwa siku, zigawanywe mara tatu, kila moja na glasi moja au mbili za maji kabla ya kula, na mtu awe amepunguza chakula. Hilo sharti la mwisho wauzaji hulimeza. Ila mimi nakunywa dawa ya presha, na kitu kisichojitaja sikitii mdomoni.

Nikaenda Kisutu, duka la viungo la Kihindi, nikaulizia isabgol, nayo ni nyuzinyuzi. Mzee wa duka akanipimia huku akisema, "Hii ya choo, mama. Ya kukonda mimi sijui." Nilimpenda kwa ukweli wake.

Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana Gujarat na Rajasthan. Ukiyatia maji yanavimba na kuvutika kama mlenda, mfano wa zile mbegu nyeusi za kwenye faluda. Ule utelezi hujaza tumbo na kuchelewesha chakula kushuka, ndiyo maana unajiona umeshiba.

Siku ya kwanza nusura initoe roho. Nilibugia kijiko kikubwa kikavu, nikafuatishia mafunda mawili ya maji. Kikavimbia kooni. Nikakohoa mpaka wenzangu ofisini wakanipiga mgongo. Sikukoma, nikaendelea na maji yaleyale kidogo, na siku ya tatu tumbo likawa ngoma, choo hakuna. Dawa ya choo imenifunga choo!

Dada wa duka la dawa alicheka kwanza, ndipo akanielekeza. Anza na kijiko cha chai. Kitie ndani ya glasi iliyojaa maji, koroga, kunywa hapohapo kabla hakijaganda, kisha ongeza glasi nyingine. Dawa ya presha ikae mbali nacho kwa saa mbili, maana ule utelezi unaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Mwenye shida ya kumeza, au aliyewahi kuziba utumbo, asiguse kabisa.

Nikahamishia kijiko changu saa kumi na moja na nusu jioni, ofisini, kabla sijatoka. Hilo ndilo lililonifaa, kuliko hata isabgol yenyewe. Nikifika Tabata nina utulivu fulani tumboni, ile mikono kutetemeka mbele ya kikaango haipo.

Lakini nikajifunza kwamba njaa na uchu ni vitu viwili. Isabgol iliiweza njaa. Uchu haukujua hata kama nimekunywa kitu. Jioni moja mume wangu alirudi na sambusa za moto, nikala nne huku tumbo limejaa pomoni. Kwa hiyo nikisikia mtu anaiita dawa ya kukata hamu, namkumbuka mzee wa Kisutu.

Miezi miwili ya mwanzo mizani ilishuka kilo moja tu. Ndipo nikaacha sembe nikarudi kwenye dona, nikaongeza maharage na mchicha, na ile sahani yangu kubwa kama sinia nikaiacha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kijiko changu kilikuwa kinaleta chache tu kati ya hizo. Kufikia mwezi wa kumi nilikuwa kilo 85. Ngapi ni za isabgol na ngapi za dona, siwezi kuapa.

Mama mkwe naye anaitaka. Yeye ana kisukari na anakunywa vidonge, nikamwambia aanze kuuliza kliniki, kwa sababu inaweza kushusha sukari juu ya ile inayoshushwa na dawa. Amenuna kidogo, anaona namnyima.

Juzi mama wa mihogo alinisimamisha kuniuliza kama nimehama mtaa. Nikamwambia nipo, ila siku hizi napitia ng'ambo ya barabara.