Mistari ya chaki

Jirani anapaka oili chafu nguzo za uzio wake, mchwa wamemshinda. Harufu imefika sebuleni, mke wangu kafunga madirisha. Mimi nimetoka nje kuinusa vizuri, na mara niko kwenye Canter ya ba'mdogo.

Mita ya kilomita ilikuwa imekufa tangu anainunua. Fundi alisema imwagwe oili kila kilomita 5,000. Lushoto mpaka Dar na kabichi, kwenda na kurudi, ni kama 700. Ba'mdogo akapiga hesabu, safari saba. Kuchora mstari wa chaki ndani ya mlango kila tukirudi ikawa kazi yangu, utingo wa likizo. Kwa rangi hujui kitu: oili mpya ya dizeli siku mbili tu ni nyeusi kwa masizi. Mara ya kwanza nilidhani fundi katuibia.

Jumamosi moja nikaosha gari. Nikasugua mlango kwa brashi na sabuni, nje na ndani, napiga mluzi. Nilipomwagia maji ya mwisho, mlango ukang'aa. Mtupu. Nikabaki na ndoo mkononi. Ilikuwa minne? Au mitano? Ba'mdogo yuko barazani na kikombe cha chai, ananitazama. Nikatoa chaki, nikainama kama nafuta kioo, nikachora minne. Mkono ulitaka kuongeza mmoja. Nikarudisha chaki mfukoni.

"Mingapi sasa?"

"Minne, ba'mdogo."

"Haya, bado safari tatu."

Ya tatu, tukirudi, tumetoka Mombo tunapanda kuelekea Soni, injini ikaanza kugonga. Ko-ko-ko-ko. Akazima. Fundi alipofungua sampu, oili ilishuka nzito kama uji wa ulezi, vichembe vya metali vinameta ndani yake. Ng'ombe wawili wakaenda mnadani.

"Oili imepitiliza," fundi alisema. Kisha, labda kwa huruma: "Ila injini yenyewe mtumba, nani anajua ilikotoka."

Ba'mdogo akafungua mlango, akahesabu kwa kidole. Saba. "Hesabu yetu ilikuwa sawa," akasema.

Ya kwangu, dizeli pia, namwaga kila 4,000. Mwaka jana ba'mdogo kaniuliza mbona nawahi hivyo. Nikamwambia ni vumbi la huku.