Mwangaza wa skrini ukikwama kwenye Linux, chungulia kwanza folda ya backlight

Kama laptopu yako ya Linux mwangaza umeganda juu kabisa na fundi ashakwambia ubadilishe skrini, ngoja kidogo usitoe pesa. Mimi nimetoka kutengeneza ya dadangu hapa Majengo na hata skurubu moja sikufungua, nataka nieleze yote maana wengi wetu Mombasa tunanunua hizi laptopu za mtumba, tunaweka Mint ama Ubuntu kwa vile ni ya bure na mashine inakuwa nyepesi, alafu kitu kama hiki kinamfanya mtu aikimbie Linux kabisa.

Dadangu ni mwanafunzi, anasoma usiku watoto wakishalala, na ile skrini ilikuwa inawaka kama taa za uwanja wa mpira. Akibonyeza kitufe cha kupunguza, kile kibao cha mwangaza kinatokea na kinashuka vizuri mpaka chini, lakini mwanga wenyewe haushuki hata chembe. "Kaka, macho yaniuma," ndio ilikuwa salamu yake kila nikipita kwake. Na stima ikipotea ndio balaa zaidi, manake taa ya skrini ni moja ya vitu vinavyokula betri sana, asaimenti iko nusu na chaji ishakwisha.

Fundi mmoja mjini akasema ni waya wa skrini. Mimi sikukubali. Niliiwasha nikaingia BIOS, ile programu ya mashine yenyewe, kabla Linux haijaanza, nikabonyeza vitufe vilevile na mwanga ukapungua ukaongezeka bila shida yoyote, basi hapo nikajua waya ni mzima, skrini nzima, tatizo liko ndani ya mfumo. Hii ni tesiti nzuri sana na haina gharama. (Ila ziko mashine ambazo vitufe havifanyi kazi ukiwa BIOS, kwa hivyo vikinyamaza huko usikimbilie kusema skrini imekufa.) Na kile kibao kushuka pia ni dalili, maana yake kitufe kinasikika na amri inatoka, sema inapelekwa pasipo. Kama kibao hakitokei kabisa basi wewe shida yako ni ya vitufe, hiyo ni njia nyingine.

Mwenzake wa darasani alikuwa ashampa amri ya xrandr yenye --brightness 0.5, na kweli skrini ilififia, lakini tazama kwa karibu ukiwa gizani: rangi ndizo zimetiwa giza, ile taa ya nyuma ya skrini (ndiyo backlight) bado inawaka vilevile, ukifungua picha nyeusi unaona ule ukungu wa kijivu unang'aa pembeni. Betri haiponi hata kidogo. Kwangu mimi hiyo sio dawa, ni kuvalia miwani ya jua chumbani.

Dawa ilianzia hapa, kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri:

ls /sys/class/backlight

Yakatokea majina mawili, acpi_video0 na intel_backlight. Yaani Linux inaona swichi mbili za taa moja, na moja kati ya hizo haijaungwa na kitu. Kila jina ni folda, ndani mna faili ya max_brightness na nyingine ya brightness, nikazisoma kwa amri ya cat: acpi_video0 kikomo chake 15, intel_backlight 937. Sasa unajaribu moja moja kwa mkono. Nikaandika namba ndogo kwa ile ya acpi, kimya. Nikaenda ya pili:

echo 300 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Wallahi skrini ikatulia papo hapo, dadangu akapiga ukelele huko nyuma. Chunga tu usiandike 0, kuna mashine taa inazima kabisa ukabaki unapapasa.

Kwa hivyo vitufe vilikuwa vinazungusha acpi_video0 na taa iko kwa intel_backlight. Kinachobaki ni kuiambia kerneli, yaani kiini cha Linux, iachane na ile ya acpi. Usihariri faili kwanza, jaribu mara moja tu: ukiwasha, kwenye menyu ya GRUB, ile programu inayoiwasha Linux, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza acpi_backlight=native, alafu Ctrl+X. Hii haibaki, ikiharibika unawasha upya na iko kama zamani, ndio maana naipenda. Ilipowaka vitufe vikafanya kazi, na kwenye ile folda lilibaki jina moja tu.

Baada ya hapo ndio nikaifanya ya kudumu. Nikafungua /etc/default/grub kwa sudo, ule mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT nikauacha hivi:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash acpi_backlight=native"

Nikasevu, sudo update-grub, restati. Kisha systemd, sehemu ya Linux inayosimamia kuwasha na kuzima, yenyewe inakumbuka mwanga uliouacha ukizima na inaurudisha ukiwasha, hiyo huna haja ya kuihangaikia.

Sio kila mashine itataka native. Kama kwako ile ya acpi ndio inayobadilisha mwanga kweli, weka acpi_backlight=video, na kuna laptopu za zamani zinazotaka vendor. Wenye AMD jina mtakaloliona ni kama amdgpu_bl0 ama amdgpu_bl1. Na ukikuta folda iko tupu kabisa, tazama ule mstari wa GRUB kama kuna neno nomodeset, watu huliweka wakati wa kuinstoli skrini ikikataa kuwaka na hawalitoi, na likiwepo draiva ya grafiksi haipakiwi sawasawa na swichi ya taa haitokei. Litoe, fanya update-grub, washa upya, alafu ndio uanze tena na ile ls.