Mende, panya na bwana afya

Mvua za masika zimeshika. Mitaro ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikifurika, mende wakubwa wekundu hupanda kupitia tundu la karo na la sakafu, na wenye hoteli hukimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza. Hao wakubwa, kusema kweli, si wa kutisha sana. Kwao ni mtaroni; wavu mzuri kwenye tundu la sakafu, na maji yasiyokauka kwenye pindo la bomba chini ya karo, huwazuia wengi.

Wa kuogopwa ni mende mdogo wa hudhurungi, mwenye michirizi miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyo haletwi na mvua, twamleta wenyewe: kwenye katoni, kreti za soda na viroba kutoka soko la Darajani. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, na dawa ya kupuliza haikipenyi. Ndiyo maana jiko likishapulizwa hutulia, kisha baada ya wiki tatu likajaa tena, watu wakasema dawa ilikuwa feki.

Kupuliza siku moja kabla ya ukaguzi ndiyo balaa zaidi. Walio hai hutawanyika vyumba vyote, waliokufa hudondoka kutoka kwenye boriti asubuhi, bwana afya amesimama chini na daftari lake.

Dawa ya kutumia ni jeli ya chambo, ile ya bomba la sindano. Tia matone madogo, kama punje ya mchele, na yawe mengi: kwenye bawaba za kabati, pembezoni mwa mota ya friji penye joto, chini ya meza ya kazi. Usipulize kitu kingine hapo, maana mende ataikimbia jeli. Aliyekula hurudi kufia tunduni, wenzake wakala kinyesi na mzoga wake, na sumu huwafikia hata wadogo wasiotoka nje. Rudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya walioanguliwa karibuni. Lakini jiko lenye makombo na mafuta sakafuni halina jeli ya kulishinda. Mende ana chakula bora kuliko chambo chako.

Vyombo vyetu navyo vikaguliwe. Mbuzi ya kukunia nazi hukunjika, na pale kwenye kiungo hubaki nazi yenye mafuta, giza, na nafasi ya milimita chache. Mende hahitaji zaidi. Kimwagie kiungo maji yanayochemka kila usiku, asubuhi uianike juani ikiwa wazi. Kifumbu hali kadhalika. Machicha yasilale jikoni hata siku moja: kwa joto letu inzi hutoka kwenye yai mpaka kuruka kwa siku saba hadi kumi, basi pipa linalomwagwa kwa wiki mara moja hufuga inzi hata likiwa na kifuniko. Tena kifuniko chepesi kunguru hukifunua.

Kuta ni kazi nyingine. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na fundi wa haraka huziba nyufa kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, ikaachana na ukuta, na nyuma yake pakabaki uwazi wa panya na mende. Tundu la milimita 12 tu lamtosha panya. Sokomeza waya wa kusugulia sufuria, kisha ziba kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Panya wa dari hupita juu ya boriti na nyaya za umeme, tena ni mwenye shaka na kitu kipya. Mtego uweke na nazi ya kuchoma siku kadhaa bila kuutega, ndipo utege, ukiutazamisha ukutani upande wa chambo. Sumu jikoni siipendi kabisa. Panya akifia ndani ya ukuta wa futi mbili, hakuna wa kumtoa, na inzi watakuja kukuonyesha alipo.

Ukaguzi wenyewe una sheria yake, Sheria Namba 2 ya mwaka 2006 ya chakula, dawa na vipodozi, lakini mkaguzi huja mchana. Wa usiku ufanye mwenyewe. Zima taa saa nne, kaza mfereji, subiri saa nzima, kisha washa tochi ghafla nyuma ya friji. Karatasi za gundi za kunasia mende ziandike tarehe na mahali. Zikinasa mende wachanga, kiota hakiko mbali. Mende akionekana mchana kweupe, ujue wamejaa mpaka wamekosa pa kujificha. Hayo yote yaandikwe daftarini, na bwana afya aonyeshwe bila kuficha.

Ramadhani huvuruga ratiba hii. Majiko mengi hufungwa mchana, vyombo vya futari husubiri mpaka baada ya tarawehe, sufuria za daku hulala na ukoko. Mwezi huo giza la jikoni ni la mchana, basi tochi iwashwe saa sita adhuhuri, na karai la mafuta ya sambusa lifunikwe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali.