Kutibu Mzizi Kabla ya Kung'oa Jino

Nasikitika kila ninaposikia mtu akiomba ang'olewe gego ambalo bado lingeweza kuokolewa. Ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, na bakteria wakikifikia kupitia tundu au ufa, kiini hicho huvimba, kisha hufa, hata maumivu yakatulia ilhali usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Katika kutibu mzizi, daktari hupiga ganzi, hutoboa jino kwa juu, huondoa kiini, husafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba sana na dawa ya kuua bakteria, kisha huijaza gutapecha, kitu kama mpira kinachotokana na utomvu wa mti. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji 4, ndiyo maana kazi huchukua muda. Likishatibiwa, livikwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, mapema, kwani likiachwa bila hiyo huweza kupasuka.