Hewa kwanza, kitambaa baadaye: kutunza kamera ya dijitali

Mtu akinunua kamera, hofu yake ya kwanza ni kuiangusha. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini tazama lenzi iliyotumika miaka kadhaa: mikwaruzo midogo iliyozunguka katikati ya kioo haikuletwa na sakafu. Imeletwa na mwenye kamera mwenyewe, pindo la shati mkononi, akidhani anasafisha. Vumbi hubeba chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu vya kutosha kukwaruza lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya lenzi ili kupunguza mng'ao. Ukisugua kioo chenye vumbi, kitambaa kinageuka msasa.

Kwa hiyo hewa hutangulia. Shika kamera lenzi ikitazama chini, bonyeza kipuliza cha mpira mara tano au sita, vumbi lidondoke lenyewe. Usipulize kwa mdomo. Mate hutoka hata usipoyahisi, na yakikauka huacha madoa. Vumbi lililong'ang'ania liondoe kwa brashi laini ambayo nywele zake hazijaguswa na vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yakishaingia kwenye brashi, brashi itayapaka kwenye kioo. Kama lenzi imeshakuwa safi, acha hapo hapo. Chembe mbili tatu za vumbi kwenye kioo cha mbele hazionekani kwenye picha. Kioo cha nyuma ndicho chenye wivu: alama ndogo ya kidole pale inaweza kufifisha picha nzima.

Kitambaa kinahitajika panapokuwa na mafuta au alama ya kidole. Tia tone moja au mawili ya maji ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, kamwe si kwenye lenzi yenyewe. Tone linaloangukia kioo hutiririka hadi ukingoni, likapenya ndani kupitia mwanya wa pete. Futa kwa mviringo, ukianzia katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi, kisha malizia kwa upande mkavu. Kitambaa chenyewe kifuliwe kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huacha utando. Tishu za karatasi na dawa za kusafishia madirisha zikae mbali kabisa na lenzi.

Doa linaloonekana mahali pale pale katika kila picha, hasa kwenye anga, halipo kwenye lenzi. Lipo kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa mwanga. Kulihakikisha, funga tundu la lenzi hadi f/16 au f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100, toa fokasi ili lenzi isilenge sawasawa, kisha piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu. Mkono ukitikisika haidhuru, kwani unatafuta kivuli cha vumbi tu. Kumbuka pia kwamba lenzi huiangusha picha kwenye sensa kichwa chini. Ukiitazama sensa kwa mbele, doa lililo juu kushoto kwenye picha, vumbi lake liko chini kushoto kwenye sensa. Juu na chini vimebadilishana. Kushoto kumebaki kushoto.

Kamera nyingi zina amri kwenye menyu ya kuitikisa sensa ili vumbi lianguke. Anza na hiyo. Ikishindikana, weka betri iliyojaa, na kama kamera ni DSLR, yaani ile yenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa, chagua amri ya kuinua kioo hicho kwa ajili ya usafi. Suala la betri si mapambo: chaji ikiisha katikati ya kazi, kioo hushuka na pazia la shata, lile linalofunika sensa, hujifunga, hata kama chombo chako kiko ndani. Pazia hilo ni jembamba sana na likipinda, ni la kubadilishwa. Elekeza mdomo wa kamera chini, puliza mara kama kumi, na ncha ya kipuliza isiingie ndani. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa usiyatumie hapa. Hutema kimiminika baridi kinachoacha doa baya kuliko vumbi ulilokuja kuliondoa.

Kusafisha sensa kwa dawa ya maji ni hatua ya mwisho, na kama mkono wako una wasiwasi, mpelekee fundi. Ukiamua kufanya mwenyewe, tumia kijiti maalumu chenye upana sawa na upande mfupi wa sensa yako: milimita 24 kwa sensa kubwa iitwayo fulu fremu, milimita 16 kwa ile ndogo zaidi iitwayo APS-C. Matone mawili ya dawa yake kwenye ncha, subiri kidogo yaenee. Weka ncha ukingoni mwa sensa, vuta mara moja bila kusita hadi ukingo wa pili, kwa uzito ule ule wa kalamu juu ya karatasi. Geuza kijiti, rudi kwa upande wake safi, kisha kitupe. Kijiti kilichotumika kikirudi tena, kinarudisha uchafu kilioukusanya. Unachokigusa si sensa yenyewe bali kioo cha kichujio kilichoifunika, nacho hukwaruzika. Kwenye kamera ambazo sensa yake huelea ili kutuliza mtikisiko, usikandamize hata kidogo.

Vumbi hilo kwa kawaida huingia wakati wa kubadilisha lenzi. Zima kamera, uwe na lenzi ya pili tayari mkononi na kifuniko chake cha nyuma kimelegezwa, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera uelekee chini. Sekunde chache zinatosha.

Sasa unyevu, ambao mimi nauogopa kuliko vumbi. Kamera inayofungiwa kwenye begi kabatini miezi mitatu, mahali pasipo hewa wala mwanga, hupata kuvu ndani ya lenzi. Ukiangaza tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, utaona nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Kuvu hula tabaka la lenzi na hatimaye huacha alama kwenye kioo chenyewe, kiasi kwamba hata fundi akiiondoa, alama zake hubaki. Unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 60 au 70, kuvu imepata makazi. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chini ya 30 pia si pazuri, kwani mpira na vilainishi huanza kukauka.

Si lazima ununue kabati la umeme la kukausha hewa. Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana kwa mpira, kipimaunyevu kidogo ndani yake, na chembe za silika jeli, zile zinazofyonza unyevu, zinazobadilika rangi: hivyo vinatosha. Silika ya rangi ya chungwa kwa kawaida hugeuka kijani ikishiba maji. Itandaze kwenye sinia, iweke kwenye ovena yenye nyuzijoto kama 120 kwa saa moja au mbili hadi rangi irudi, iache ipoe, uirudishe. Mkoba wa ngozi usiutumie kuhifadhia kwa muda mrefu, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Na itoe kamera nje mara kwa mara upige picha nayo. Lenzi inayotumika hupata mwanga na hewa.

Kuna unyevu mwingine unaokuja ghafla. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje penye joto na unyevu, mvuke hugeuka matone juu ya kioo, na hata ndani. Kabla hujatoka, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ukishafika nje usiufungue mpaka kamera ilingane na joto la pale, dakika 30 au zaidi kwa lenzi kubwa. Matone yatatua juu ya mfuko. Ukisahau na kioo kikapata ukungu, usibadilishe lenzi na usifute kila dakika, ngoja.

Kamera iliyotengenezwa kuhimili manyunyu haikutengenezwa kuzamishwa. Ukirudi kutoka baharini, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kisha kikakamuliwa sana, hasa kwenye vifungo na pete, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kula chuma. Ikitumbukia majini, toa betri na kadi papo hapo, wala usijaribu kuiwasha kuona kama imepona. Umeme ukikutana na maji ndio unaounguza saketi. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Unga na vumbi lake huongeza tatizo. Ipeleke kwa fundi mapema, hasa ikiwa ni maji ya chumvi.

Lenzi ndefu ikielekezwa kwenye jua hufanya kazi ya kioo cha kuwashia moto: huunguza pazia la shata au sensa, na kwenye DSLR, jicho lako. Hata kamera ikiwa mezani, funika lenzi. Miale ya leza za jukwaani nayo huua nukta za sensa kwa kupita tu, na jeraha hilo halitibiki.

Betri za lithiamu hupenda ubaridi wa kawaida. Kama kamera itakaa muda mrefu bila kazi, toa betri ikiwa na chaji kati ya asilimia 40 na 60. Betri ya akiba ivae kifuniko chake, maana sarafu au funguo mfukoni zikigusa ncha zake za umeme kwa pamoja, betri huweza kushika moto. Ndegeni huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, si ule wa chini. Iliyovimba isichajiwe tena. Na ikikwama ndani ya kamera, usiichokonoe kwa bisibisi. Wala usiifungue kamera yenye flashi: kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, hushika takribani volti 300, na huweza kubaki nazo hata betri ikiwa imetolewa.

Kadi ya kumbukumbu isitolewe taa ya kuandika ikiwa bado inawaka. Subiri izime, kwani hapo kamera bado inamalizia picha zilizojaa kwenye hifadhi yake ya muda. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia, si kwenye kompyuta, na baada tu ya picha kuwa na nakala sehemu mbili. Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kupiga picha hapo hapo, toa kadi, usogeze kile kitufe cha pembeni hadi kwenye kufuli. Picha zilizofutwa bado zimo mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu ya kurejesha ina nafasi ya kuzikuta.